Barua ya Hodi

1

Kwa miaka kumi na tisa Subilaga alikuwa anasubiri makalio ya mtu mmoja yakae kwenye kiti kimoja. Asubuhi hiyo yalikaa. Mzee Gaudensi Tweve aliingia Ukumbi wa Chimbuko akiwa ameshikwa mikono na wahudumu wawili, akakataa mto waliomwekea, akajishusha polepole kwenye kiti cha chuma chini ya Kioo. Alipumzika kidogo, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake na bakuli la maji ya chumvi.

"Ya baridi hayo, mwanangu?"

"Ya vuguvugu, mzee."

"Afadhali. Kichwa changu hakina hata unywele mmoja wa kukitetea."

Watu wa mstari wa mbele wakacheka. Subilaga naye akacheka, maana alikuwa amejifunza kucheka na kila mtu anayekalia kiti kile. Akachovya kitambaa, akaulowesha upara wa mzee pale zitakapogusa nyaya za kofia. Cheka, mzee, alisema moyoni. Cheka sasa hivi, maana ikifika saa sita utakuwa huna hamu.

Utengule nzima, mji wa makuba huko Mirihi, ilimjua kama Subilaga Mwansasu wa Kuba la Saba, msomaji wa Kioo kwa mwaka wa sita, mwanamke asiye na makuu, asiyechelewa kazini. Mwansasu lilikuwa jina la upande wa mama. Jina la baba alilimeza akiwa na miaka kumi na minne, likamkaa kooni tangu siku hiyo. Kila kitu alichofanya baadaye, kusoma hesabu mpaka macho yakamvimba, kuomba kazi ya kuosha sakafu za ukumbi huu, kupanda cheo kimoja kimoja huku akimwamkia kila mpumbavu, alikifanya ili siku moja mzee huyu aje akae hapa na yeye awe amevaa kofia ya pili.

Kioo hakikuwa kioo. Kilikuwa kofia mbili za nyaya za shaba, na katikati yake sanduku lenye harufu ya kitu kinachoungua kwa mbali. Kilibuniwa na madaktari wa vichwa baada ya Kuzimika, ule mwaka ambao dhoruba ya jua iliunguza kila mashine ya kukokotoa pale Mirihi katika alasiri moja, watu wakabaki na penseli na vidole vyao. Madaktari walitaka kuwatibu waliopoteza kumbukumbu. Walichogundua ni kwamba ukimtajia mtu wazo lake, sanduku linashuka lenyewe hadi siku wazo lile lilipozaliwa, na aliyevaa kofia ya pili anaona yote, na kuyahisi. Wanaokaa ukumbini hawaoni chochote. Wao husubiri neno moja tu kutoka kwa msomaji, nalo huulizwa mara tatu: mlango au dirisha?

Mlango maana yake aliingia mwenyewe, kihalali. Dirisha maana yake ni mwizi.

Subilaga alikuwa amelifanyia mazoezi neno dirisha mbele ya beseni la kunawia, kila asubuhi, kwa sauti ya kawaida isiyo na chuki. Sauti ya chuki ingemchoma.

2

Mungu ana mizaha yake. Kuzimika kulipoteketeza maktaba, kitabu pekee kuhusu hesabu kilichonusurika hakikuwa cha hesabu yenyewe. Kilikuwa cha historia ya ugomvi wa hesabu! Kilieleza kwamba zamani, kule duniani, palikuwa na hesabu ya vitu vinavyobadilika, iliyomwezesha mtu kujua kasi ya kitu katika nukta moja ya wakati, au ukubwa wa umbo lililopinda. Kilieleza kwamba Mgiriki mmoja alilibana duara katikati ya maumbo yenye pembe nyingi mpaka akakaribia kabisa kulipima. Kwamba wasomi wa kusini mwa Bara Hindi walijumlisha mafungu yasiyo na mwisho karne kadhaa kabla ya Wazungu. Kwamba hatimaye watu wawili wa Ulaya, kila mmoja nchini kwake, waliikamilisha, kisha wafuasi wao wakaitana wezi mpaka wote wawili wakafa na kinyongo. Yote hayo yalikuwemo. Namna ya kuifanya hesabu yenyewe? Hata mstari mmoja.

Waasisi wa Utengule walikisoma kitabu hicho, wakatikisa vichwa, wakajifunza funzo la kijinga kuliko yote yaliyowezekana. Walisema shida ya watu wa kale ilikuwa kutojua mwenye mali ni nani. Wakatunga sheria: wazo moja, mwenyewe mmoja. Wa pili ni mwizi. Na ili kuepusha aibu wakaanzisha desturi ya barua ya hodi. Ukifikia jambo jipya, kabla hujamwonyesha mtu, unamwandikia mwenye cheo katika fani yako, unamweleza nusu ya kazi yako, unauliza: hodi, je, nyumba hii ina mtu?

Baba yake Subilaga, Mwalimu Anyosisye Mwakalobo, alikuwa mtu wa adabu, na adabu ndiyo iliyomponza. Aliipata hesabu iliyopotea. Akaandika barua ya hodi, kurasa kumi na moja kwa mwandiko wa kulala, akampelekea Gaudensi Tweve. Jibu likaja baada ya siku arobaini: nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi. Miaka miwili baadaye Kamati, ile inayoamua wazo ni la nani, ikatoa hukumu kwamba Mwakalobo aliiba, na barua yake mwenyewe ndiyo ikawa ushahidi; hakuna aliyemkalisha kwenye Kioo.

Wakalifuta jina. Utengule hakuna jela. Hewa ya mfungwa kupumua bure iko wapi? Wanafuta jina. Linatoka kwenye orodha ya walimu, kwenye mlango wa nyumba, kwenye vyeti vya watoto, na anayelitamka anafukuzwa kazi. Alama zake za hesabu, ule mstari mrefu uliopinda kama kiboko, zikapigwa marufuku, na wakokotozi wote wakatumia nukta za Tweve. Mwalimu Mwakalobo akawa mfagiaji wa vitalu vya viazi. Wanafunzi wake walipomwona waligeuza njia, na wale wenye huruma walimwita "wewe". Aliishi hivyo miaka mitatu. Daktari alisema ni moyo. Subilaga hakubishana na daktari; alikaa mlangoni akawahesabu waliokuja kuzika, wakawa wanne.

Sasa Baraza la Utengule lilitaka kumtangaza Tweve kuwa Baba wa Hesabu, na sheria inasema hakuna anayepewa heshima hiyo bila kusomwa hadharani. Akitoka dirisha, wazo linarudi kwa Mwakalobo na jina lake linarudi nalo. Akitoka mlango, Mwakalobo atabaki mwizi mpaka jua lizimike, na atakayekuwa amemwita mwizi mara hii ni binti yake wa kumzaa.

Ndiyo maana alikuwa ameamua zamani: hata Kioo kiseme nini, yeye atasema dirisha. Nani atamjua? Anayeona ni yeye peke yake.

3

"Msomaji yuko tayari?" aliuliza Bi. Roida Sichalwe, Msimamizi wa ukumbi, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

"Tayari, mama."

"Mzee Tweve?"

"Nimekula chumvi nyingi, mama, nisipokuwa tayari leo itakuwa lini?"

Bi. Roida akabonyeza swichi.

Kwanza ilikuja harufu, kama kawaida. Harufu ya kutu na maji. Kisha Subilaga akawa kijana wa miaka thelathini, amechuchumaa juu ya tangi la maji la Kuba la Kwanza, ameshika kijiti chenye alama, matako yamekufa ganzi kwa baridi. Tangi linamwaga maji. Anahesabu kwa sauti. Katika dakika ya kwanza maji yameshuka vidole vitatu. Katika dakika ya pili, viwili na nusu. Yanapungua kasi kadiri yanavyopungua kina. Lakini je, kasi yake ni ngapi sasa? Si katika dakika nzima, sasa hivi! Anapima nusu dakika. Anapima robo. Anapima kufumba jicho. Anagawanya kidogo kwa kidogo, na kidogo zaidi kwa kidogo zaidi, na jibu halitawanyiki wala halipotei, linatulia mahali pamoja kama kuku anayeingia bandani. Na kijana akasimama juu ya tangi akapiga kelele hadi mlinzi akaja kuuliza kama amepigwa na umeme.

Subilaga alitafuta dirisha. Alilitafuta kwa bidii yote, alipekua kila pembe ya kumbukumbu ile kama askari wa forodha. Hakuna barua. Hakuna daftari la mtu. Kulikuwa na kijana, kijiti na maji, na furaha kubwa kiasi kwamba machozi yalimtoka Subilaga mwenyewe, akajilaani kwa kuyatoa.

Mlango. Mlango mtupu, na miaka ishirini na mitano kabla ya barua ya hodi.

Angeweza kuishia hapo. Lakini sanduku likishaanza kushuka huvuta na yaliyoshikamana na wazo lile, na iliyofuata ilikuwa harufu ya mchuzi wa maharage. Tweve wa miaka hamsini na tano yuko jikoni kwake, na mezani ziko kurasa kumi na moja za mwandiko wa kulala. Subilaga aliutambua mwandiko ule kabla hajasoma neno, na moyo ukamlipuka.

Tweve anasoma. Na lo, anacheka! Anapiga meza. Mtu huyu Mwakalobo hakupitia mwendo wa maji kabisa. Amekuja kwa kukatakata maumbo na kuyajumlisha, amezunguka nyuma ya mlima na kutokea kilele kilekile. Kwa muda wa sahani moja ya maharage Gaudensi Tweve ni mtu mwenye furaha kuliko wote waliopo Mirihi, kwa sababu miaka ishirini na mitano amekuwa peke yake na jambo hili na sasa amepata mwenzake. Kisha anakumbuka sheria. Wa pili ni mwizi. Na nani atathibitisha ni nani wa kwanza, wakati yeye alizificha karatasi zake kwenye sanduku la viatu na hajawahi kumwonyesha mtu? Furaha inamtoka. Subilaga aliihisi ikimtoka, na mahali pake pakaingia hofu, hofu ya kawaida tu, ya mtu wa kawaida.

Jikoni palepale, siku nyingine. Tweve anaandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane. *Kamati imeona kwamba mtu asiyejua kama nyumba ipo hapigi hodi. Kamati imeridhika kwamba Mwakalobo alijua.* Mkewe, Febronia, amesimama nyuma yake na mwiko mkononi.

"Unaandika nini, baba Upendo?"

"Hukumu ya Kamati."

"Kamati iko wapi?"

"Wataisaini kesho."

"Na wewe ndiye mlalamikaji?"

"Febronia, chakula kinaungua."

Mama yule akageuka, akarudi kwenye chungu chake.

4

Bi. Roida alizima sanduku. Ukumbi ukakohoa, ukajipanga. Watu mia sita, na nje ya vioo vya kuba vumbi jekundu likipita taratibu kama kila siku.

"Msomaji. Mlango au dirisha?"

Mdomo haukumngoja. Miaka kumi na tisa ya mazoezi si mchezo.

"Dirisha," alisema Subilaga.

Ukumbi ukalipuka. Mtu alisimama juu ya benchi. Mwanamke mmoja akapiga yowe, "Ebo! Haiwezekani!" Na Subilaga, Mungu amsamehe, alisikia utamu. Utamu uliompitia mpaka kwenye nyayo. Aliutazama uso wa Tweve auone ukibomoka, maana hicho ndicho alichokuja kukila.

Uso haukubomoka. Mzee alimkodolea macho, akayashusha kwenye mikono yake, akayapandisha tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini, wasikie wawili tu, "Una paji la uso la Anyosisye. Nilikuwa najiuliza tangu ulipoleta maji."

Subilaga akaendelea kumkazia macho.

"Alikuwa na mtoto, niliambiwa. Ndiye wewe." Akavuta pumzi. "Basi ni haki yako, mwanangu. Sema tena. Mimi sitapinga."

Na akatulia. Akajiegemeza kitini, uso umelegea, kama mtu aliyefunguliwa mkanda uliombana siku nyingi. Subilaga alipouona utulivu ule damu ikamchemka upya, tena kwa namna ambayo hakuwahi kuifikiria kwenye beseni lake la kunawia. Kumbe mzee anataka! Akiitwa mwizi wa kitu ambacho hakukiiba, atatoka hapa akiwa ameonewa. Atakwenda kufa akijua moyoni kwamba na yeye walimfanyia vilevile, wamemaliza, hakuna cha kuulizana. Na yeye Subilaga? Yeye ndiye atakayebaki jikoni, na kalamu mkono wa kushoto.

Kwa upande mwingine jina la baba lilikuwa hapo, karibu kabisa. Neno lilelile, mara mbili tu zaidi, na kesho angeamka akiwa binti Mwakalobo mbele ya watu wote. Baba angerudi kwenye orodha ya walimu. Lakini angerudi kwa uongo, na, mbali na yeye Subilaga, mzee huyu angekuwa mtu pekee duniani na Mirihi anayejua kwamba ni uongo, angelala nao kila siku kama zawadi. Hapana. Hiyo asingempa. Kama alichoiba Tweve ni hukumu, basi atalia kwa hukumu, si kwa maji ya tangi.

"Msomaji," Bi. Roida aliita baada ya kugonga meza mara tano. "Kwa mara ya pili. Mlango au dirisha?"

"Mlango."

Bi. Roida alivua miwani.

"Subilaga. Umesikia ulichosema?"

"Nimesikia, mama. Nimegeuza kauli."

"Unajua sheria ya msomaji anayegeuza kauli?"

"Anakaa kitini, asomwe yeye. Na anayemsoma ni mwanahesabu mwenye cheo kikubwa kuliko wote waliomo ukumbini." Akaivua kofia ya msomaji, akaielekeza kwa mzee. "Ambaye ni huyu."

Tweve alianza kuinuka kabla hajaambiwa, kisha akaelewa alichokuwa anaambiwa, akakaa tena. "Mwanangu, usinifanyie hivyo," alisema. "Niite mwizi. Nimekubali."

"Vaa kofia, mzee."

"Nimeshakula themanini kasoro moja. Moyo wangu..."

"Moyo wa baba ulikuwa na hamsini na moja. Vaa."

5

Kwenye kiti kile huwezi kuongopa, lakini ukikijua vizuri unaweza kuchagua pa kuanzia. Subilaga alianzia kwenye ubao wa kukatia viazi.

Ana miaka saba. Ni mwaka wa tetemeko, baba ana bandeji kichwani, miaka miwili kabla ya barua ya hodi. Mbele yao kuna pipa la togwa lenye tumbo, na baba anataka kujua linachukua kiasi gani bila kulimwaga. Anachukua kiazi kirefu chenye tumbo kama la pipa, anakikata vipande vya mviringo vinene, anavipanga, anavipima kimoja kimoja kwa rula, anajumlisha. Kosa ni kubwa. Anachukua kiazi kingine, anakata vipande vyembamba. Kosa limepungua. Vyembamba zaidi, kosa dogo zaidi. Viazi vya chakula cha siku tatu viko mezani na mama yuko mlangoni anauliza kama wamerogwa.

"Baba," anasema mtoto, "vikizidi kuwa vyembamba mpaka visiwe na unene wowote, si vitakuwa havipo?"

Baba anaweka kisu chini. Anacheka mpaka bandeji inalegea. "Hapo ndipo penye kazi yote, mama yangu," anasema, "umepagusa penyewe." Na anachukua kalamu, anachora juu ya meza mstari mrefu uliopinda, alama ya kujumlisha vitu ambavyo karibu havipo.

Subilaga alisikia kitu kigeni kikisogea kichwani mwake, mgeni amesimama pale mezani, anatazama viazi. Mgeni alikuwa anafurahi. Alishindwa kujizuia, alikuwa mwanahesabu. Vizuri, akasema Subilaga kimoyomoyo. Furahi. Na sasa njoo huku.

Akamshika mkono akampeleka kwingine. Akampeleka darasani siku walimu walipolikwangua jina kwenye daftari lake kwa wembe. Akampeleka kwenye vitalu, baba anafagia, na mwanafunzi wake mpendwa anapita amejifanya hamnazo. Akampeleka mezani usiku na mchana, mwaka mzima, baba anaandika upya barua ileile ya hodi, akitafuta sentensi gani aliikosea adabu, maana aliamini kabisa kwamba kosa lilikuwa lake. Akamweka mlangoni pamoja na waombolezaji wanne. Hakumruhusu kutoka haraka. Akamwonyesha na beseni la kunawia, na neno dirisha lililosemwa mara elfu saba kwenye maji, na chuki yote, bila kuificha hata punje, kwa sababu hakuwa na haja tena ya kuonekana mtu mzuri.

Alisikia mzee akilia, kwa masikio na kwa kichwa, vyote viwili.

"Zima," alisema Tweve. "Mama Roida, kwa hisani yako, zima."

Bi. Roida alizima. Mzee alikaa na kofia kichwani, kamasi zinamtiririka, na hakuna aliyethubutu kumpa kitambaa.

"Mzee Tweve," alisema Bi. Roida, na sauti yake ya kuamsha kijiji ilikuwa imepungua. "Tueleze ulichokiona. Msomaji amepindisha?"

Hapa Subilaga akagundua kwamba anashikilia kingo za kiti kwa nguvu. Mzee angeweza kusema lolote. Binti wa mwizi, amejipenyeza kwa jina la uongo, amejaa chuki. Yote yangekuwa kweli, na yangetosha. Sehemu moja ya moyo wake iliomba aseme hivyo hasa, ili Subilaga amchukie raha mustarehe mpaka mwisho wa maisha yake.

"Huyu ni binti wa Anyosisye Mwakalobo," alisema Tweve. Watu waliguna, maana jina hilo halikuwa limesikika ukumbini kwa miaka ishirini na miwili. "Alikuja hapa kuniangamiza. Mara ya kwanza alisema uongo, mara ya pili akasema kweli. Mimi niliingia kwa mlango."

Vigelegele vikaanza kwa nyuma. Mzee akainua mkono vikakatika.

"Na Mwakalobo naye. Nimekiona kisu, nimeviona viazi. Mlango. Mlango wake mwenyewe, na kabla hajaniandikia. Niulizeni mara tatu, nitawajibu mara tatu."

"Wote wawili?" Bi. Roida alipekua kurasa za sheria kana kwamba ziliwahi kubadilika. "Lakini wazo moja..."

"Wote wawili, mama. Na mimi nililijua hilo siku niliyosoma barua yake. Kamati haikuwahi kukaa. Hukumu niliiandika mimi."

Ukumbi ulichafuka. Ilichukua muda mrefu hadi Bi. Roida akasikika, na alichosema alikisema akimtazama Subilaga, bila ukali. "Wewe huvai tena kofia hii. Na watu wote uliowasoma kwa miaka sita, mia mbili na kumi na wawili, itabidi wasomwe upya."

"Najua, mama. Hao sikuwapindishia."

"Naamini. Lakini watasomwa." Akageukia karatasi zake. "Na hukumu ya Kamati hufutwa na aliyeiandika, kwa maandishi, hadharani. Wanakamati wote ni marehemu. Basi..."

Wakaleta meza. Wakaleta karatasi na kalamu. Mzee Tweve alitazama kwenye umati kama anayemtafuta mtu wa kumsaidia, kisha akamtazama Subilaga.

"Mwanangu, mkono wangu haushiki vizuri siku hizi. Naweza kutaja, mwingine akaandika?"

"Mimi si mwanao," alisema Subilaga. "Na utaandika mwenyewe."

Akavuta kiti, akakaa upande wa pili wa meza, karibu kiasi cha kusoma. Watu mia sita walinyamaza ili kusikia kalamu. Mzee aliinama, akaandika maneno mawili kwa shida: *Kamati imeona*.

Subilaga akaweka kidole juu ya neno la kwanza.

"Hakuna kamati," alisema. "Futa. Andika *mimi*."

Tweve aliinamia karatasi. Akafuta. Akaandika *Mimi*, herufi kubwa, zimepinda. Baada ya mstari wa tatu aliomba maji. Subilaga aliinuka, akamletea kikombe, akakishikilia mpaka mzee alipomaliza kunywa. Kisha akakiweka kikombe chini, akakaa, akamwambia aendelee.

"Nimechoka," alisema mzee. "Tuendelee kesho."

"Hujaandika jina lake bado."

Mzee akaishika kalamu tena.